Gia Haikuruka

Saa tatu na robo asubuhi Inspekta aliingia kwenye yadi ya nyuma ya kituo akiwa na mambo mawili kichwani: gari la kijani lililomuua mwenye gari, na fundi aliyesema atakiri.

Hilo la pili ndilo lililomnyima hamu ya chai. Fundi Polepole alikuwa mahabusu siku ya tatu sasa. Siku ya kwanza alikana, kama wanavyokana wote. Siku ya pili akanyamaza. Jana jioni akamwita askari wa zamu, hajapigwa wala hajatishwa, akamwambia kwamba akisimamishwa mbele ya hakimu kesho saa nane mchana atasema ni kweli. Inspekta alishuka mwenyewe kumuuliza kulikoni. Fundi alikuwa akivitazama viganja vyake.

"Labda nilisahau, afande," alisema. "Mtu hawezi kukumbuka kila gololi aliyoishika. Kama mikono hii imeua, wacha nifungwe."

Sasa hapo ndipo penye balaa. Anayekiri kwa kuwa anajua alilotenda, huyo mpeleke. Anayekiri kwa kuwa amechoka kujishuku, huyo hakimu hana pa kumtofautishia. Akishasema ni kweli, kalamu inaandika, na kuifuta hiyo kalamu si kazi ya siku moja. Inspekta alikuwa na saa tano kasoro robo.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Marehemu alikuwa mpima ardhi mstaafu. Watu walimwita Mzee Ramani, maana hata ukimuuliza duka la chumvi liko wapi alitoa karatasi akakuchorea. Alikuwa na gari moja maishani, la miaka hamsini na ushei, na kwa miezi kadhaa giaboksi lake lilikuwa likimtesa. Asubuhi namba moja haiingii mpaka ikwaruze. Akiteremka mlima, namba mbili inaruka yenyewe na gari linabaki fri, bila gia yoyote. Akampelekea Fundi Polepole, aliyekaa nalo wiki nzima, kisha likarudi nyumbani likiwa zima. Siku mbili baadaye Mzee Ramani alikutwa amebanwa kati ya bampa ya gari hilohilo na geti la nyumba yake, tayari ameshafariki.

Shahidi alikuwa mmoja tu, mpwa wake. Maelezo yake yalisema mjomba alisimamisha gari kwenye mteremko wa kuelekea getini, akazima injini, akatia rivasi ili lisiserereke, maana hendibreki ilikufa zamani, kisha akashuka kufungua geti. Ghafla gia ikaruka na gari likamfuata. Juu ya maelezo hayo ikaja ripoti ya mkaguzi wa magari wa kituo: ndani ya giaboksi, gololi ya rivasi haipo. Mkuu wa kituo aliposoma mstari huo akafunga jalada, akasema mbivu na mbichi zimejulikana.

Inspekta hakubisha. Wenzake walimwita Mchwa, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kula jambo taratibu na kimya, na ukija kushtuka ukuta haupo. Alichofanya ni kumpigia simu Babu Spana, fundi mstaafu aliyewahi kulea nusu ya mafundi wa mji ule, Fundi Polepole akiwa mmoja wao, na nusu ya hao kuwafukuza.

Babu alikuwa keshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria, mlango wazi, miguu nje, zulia la gari limekunjwa pembeni na kifuniko cha juu cha giaboksi kimelala kwenye mapaja yake juu ya gazeti. Mkaguzi wa magari alikuwa amesimama karibu, mikono kifuani, amenuna. Hakuna anayependa kukaguliwa, mkaguzi ndiye kabisa.

Inspekta aliomba aelezwe kama anavyoelezwa mtu asiyejua kitu. Babu akamwonyesha vitundu vitatu ubavuni mwa kifuniko. Katika kila kitundu huingia gololi ndogo, nyuma yake springi, nyuma ya springi boliti ya kufunga. Springi inasukuma, gololi inabana, na gia haitoki ilipowekwa mpaka mkono wa mtu uitoe. Gololi ikikosekana, hiyo gia ni mlango usio na komeo. Vitundu viwili vilikuwa na gololi zake. Cha tatu, cha rivasi, kilikuwa na springi tupu.

"Basi ripoti ni ya kweli," alisema Inspekta, na moyo ukamshuka.

Mkaguzi alikohoa kidogo, kwa raha.

Babu alimwomba Inspekta alete kopo la fundi. Fundi Polepole alikuwa na desturi yake ambayo wateja waliicheka: kila kitu kichakavu alichokitoa garini alikirudisha kwa mwenyewe ndani ya kopo la maziwa, na karatasi ya kazi juu yake, ili kesho na keshokutwa pasiwe na maneno. Kopo lilikuwa kwenye buti. Inspekta alimimina vilivyomo juu ya gazeti: bushi mbili zilizolika za mkono wa gia, springi tatu zilizochoka, na gololi tatu zenye madoa bapa. Karatasi iliandikwa kwa penseli, herufi za kujikaza. Klachi ilikuwa haiachii yote, imerekebishwa. Bushi mpya. Springi mpya tatu. Gololi mpya tatu. Oili nyepesi, kama kitabu cha gari kinavyotaka, si ile nzito ya difu ya nyuma. Na chini kabisa, mstari mmoja kuhusu kirungu cha mkono wa gia.

Mkaguzi alisema karatasi haifungi gia. Mtu anaweza kuandika tatu akaweka mbili. Alikuwa na haki, na Inspekta alimchukia kwa haki yake hiyo.

Ndipo Babu akageuza shingo, akamuuliza mkaguzi kwa upole kabisa alipofungua boliti ile ya rivasi kuchungulia, kilitoka nini. Mkaguzi akasema springi. Akaulizwa gari lilikuwa wapi wakati huo. Akasema bandani, pale palipo na mfereji wa maji machafu, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha.

"Na springi ilikuwa inasukuma nini, baba?" Babu aliuliza. "Springi haikai bure."

Mkaguzi aligeuka kutazama bandani.

Walihamia bandani. Babu alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio miaka mingi nyuma, kaifunga kamba, na alipenda kutamba kwamba imemtafutia riziki kuliko cheti chochote. Alipiga magoti kwa kuguna, mifupa ikilalamika, akaiteremsha sumaku mferejini na kuiburuta kwenye tope. Ilitoka na kizibo cha soda na misumari miwili. Akairudisha. Ikatoka na kipande cha waya. Inspekta alitazama saa: nne na dakika ishirini. Mara ya tano sumaku ilitoka na donge la tope. Babu alilifuta kwenye suruali yake, na katikati ya vidole vyake ikabaki gololi moja, nzima, inayong'aa, bado ina utelezi wa oili mpya. Waliipima na zile mbili. Haikuzidi wala kupungua.

Mkaguzi aliigusa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Kitundu kile kilikuwa cha ubavuni. Alipovuta springi, gololi ilibiringika ikaenda zake, naye hakuisikia kwa mvua juu ya mabati. Uso ulimwiva. Alisema ataandika ripoti nyingine sasa hivi, na Inspekta akamwambia aandike, lakini kwanza avue koti, maana kuna gari la kusukuma.

Ripoti mpya isingetosha. Hakimu angeambiwa gololi ilikuwepo, na mshtakiwa mwenyewe anasema labda alikosea. Ilibidi gari liseme. Babu alirudisha gololi, springi na kifuniko, akakaza kila boliti bila kuharakishwa na mtu, na ilipofika saa tano na nusu wakalisukuma hadi juu ya mteremko wa saruji wa kushushia mizigo, mkali kupita ule wa nyumbani kwa marehemu. Askari wanne na mkaguzi walijipanga nyuma. Inspekta aliketi kwenye usukani. Babu alimwambia akanyage klachi, atie rivasi, aachie, na asiguse breki kwa lolote lile.

Juu ya mkono wa gia palikuwa na kirungu cha mti mweusi chenye mchoro wa gia uliochongwa na kutiwa rangi nyeupe. Rivasi: kulia kabisa, kisha nyuma. Aliivuta, ikaingia bila hata kukwaruza. Akaachia klachi.

"Sukumeni."

Gari lilitikisika, likagoma, kisha likaanza kwenda. Lilikwenda kwa kukohoa, hatua kwa hatua, lakini lilikwenda, na Inspekta akiwa ndani aliona ukuta wa ghala ukimsogelea. Akakanyaga breki. Basi ni kweli, alijisemea, giaboksi hili halishiki, na saa nane fundi atafungwa kwa haki.

Babu Spana alikuja dirishani, akachungulia mkono wa gia, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Aliuliza ametia gia gani. Inspekta akasema rivasi, si ndiyo hii hapa.

"Umetia namba nne, mama," Babu alisema. "Nani kakwambia hiyo ni rivasi?"

Inspekta alimwonyesha kirungu. Babu akapiga kidole kwenye mstari wa mwisho wa ile karatasi ya penseli, mstari ambao wote wawili waliusoma na hakuna aliyeutilia maanani: kirungu si cha gari hili, mwenyewe hataki kibadilishwe. Mzee Ramani alikichukua kwenye gari la kwanza alilojifunzia udereva, akakipachika hapo kwa mapenzi yake. Mchoro ulikuwa wa gari lile. Katika gari hili rivasi hupatikana kwa kuukandamiza mkono wa gia chini, kuupeleka kushoto, kisha mbele. Babu alieleza hayo kama mtu anayeeleza mahali choo kilipo. Kila aliyewahi kuliendesha gari hili alijua mchoro ule ni pambo tu, na walioliendesha ni wawili, mwenyewe na fundi wake.

Akaitia yeye rivasi, chini, kushoto, mbele. Wale watano wakasukuma mpaka mkaguzi akateleza akapiga goti. Gari halikusogea hata upana wa kidole.

Inspekta hakushangilia. Alitoka garini, akafungua jalada juu ya boneti, akasoma tena maelezo ya mpwa, polepole, kidole kikifuata mstari. *Nilimwona kwa macho yangu akiuvuta mkono wa gia kulia kabisa na kuurudisha nyuma, nikajua ametia rivasi.*

Mtu aliyeendesha gari moja miaka thelathini hafanyi hivyo, hata akiwa amelala. Akafungua mchoro wa eneo la ajali. Kutoka alama za kwanza za matairi mpaka getini palikuwa na hatua moja na nusu. Akatoa picha ya geti: nondo zimepinda kama waya. Alimuuliza Babu kama gari lililozimwa, likiserereka lenyewe hatua moja na nusu, linaweza kupinda chuma namna ile. Babu alikuwa ameacha kucheka. Alisema hapana. Kwa hatua moja na nusu, kilichopinda geti ni nguvu ya injini.

Nyumbani kwa marehemu waombolezaji walikuwa wamepungua, viti vimerudishwa vilikoazimwa. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Mpwa alikuwa sebuleni peke yake, mwanaume wa miaka ishirini na sita, dereva wa gari la kusambaza dawa mahospitalini. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na mjomba na mke wake, wasiojaliwa mtoto, ndio waliomlea. Alimwita mke wa mjomba Mama, na mtaa mzima ulishasahau kama kuna jina jingine.

Inspekta alimpa pole, akakaa, akamwomba arudie alichokiona. Alirudia neno kwa neno, na hilo lilimpa Inspekta uhakika zaidi, maana anayekumbuka kweli hubadilisha maneno. Akamwomba amwonyeshe kwa mkono mjomba alivyotia rivasi. Mpwa akanyoosha mkono hewani, akavuta kulia, akarudisha nyuma.

"Gari lako la kazini, rivasi iko wapi?"

"Hapohapo. Kulia, nyuma."

"Na la mjomba?"

"Si ni hapohapo tu," alisema. "Imechorwa pale juu."

Inspekta akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba ile ni namba nne. Kwamba rivasi ya gari lile iko chini, kushoto, mbele. Kwamba mjomba wake asingeivuta kulia hata kidogo. Kwa hiyo huo mkono aliomwonyesha hewani haukuwa wa mjomba. Mpwa alitazama mkono wake ulio juu, akaushusha gotini. Akaanza kusema labda hakuona vizuri, labda alikuwa mbali. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa keshafika mwisho wake, ila miguu ilikuwa bado inatembea.

"Saa nane fundi anasimama mbele ya hakimu," Inspekta alisema. "Anakwenda kukubali. Si kwamba alifanya. Ni kwamba ulichosema wewe amekiamini."

Aliyejibu alikuwa mlangoni mwa korido, mama mnene mwenye kanga mbili, macho yamevimba.

"Injini ilikuwa inaunguruma," alisema mjane. "Nilikuwa jikoni. Nilisikia gari linawaka, nikasikia mjomba wako anaongea, kisha nikasikia injini inavuma mara moja. Siku zote hizi najiambia ilikuwa redio ya jirani. Mume nimezika. Nilisema sitazika na mtoto."

Hapo ndipo mpwa alipovunjika. Alilia kwa sauti kubwa, kama hakuwa mtu mzima, na kati ya kilio hicho mambo yote yakatoka. Tangu utotoni alikuwa akiomba kuliendesha gari lile na mjomba akikataa, akisema gia zake ni za kuviziana, zitamtia aibu barabarani. Lilipotoka kwa fundi, mjomba aliendesha siku mbili akicheka peke yake, kila gia inaingia bila shida. Asubuhi ile akalishusha mpaka karibu na geti, akashuka, akampa usukani injini ikiwaka: leo ni zamu yako, utanipeleka mjini. Akaenda kufungua. Geti hufunguka kwa ndani, na gari lilikuwa limekaribia mno. Akamwashiria arudi nyuma kidogo. Hilo la mchoro hakumwambia. Pengine alisahau kwamba kuna mtu duniani asiyelijua. Mpwa akakanyaga klachi, akatazama kirungu, akavuta kulia, nyuma, ikaingia laini. Akageuka kutazama nyuma kama dereva mwema anavyofanya, akaongeza mafuta na kuachia klachi. Hakumwona mjomba. Alisikia geti.

Alizima, akaweka fri, akapiga kelele za kuita watu. Uongo ulikuja majirani walipofika na mmoja wao kusema lazima ni yule fundi. Yeye aliukubali tu.

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkumbatia, wala hakumlaani. Alikwenda chumbani, akarudi na viatu vya mpwa mkononi, akaviweka mbele ya miguu yake.

"Vaa," alimwambia. "Na wewe afande, tutawahi?"

Waliwahi kwa dakika sita. Njiani Inspekta alipiga simu mbili, moja kwa mwendesha mashtaka, moja kwa mkuu wa kituo, aliyeuliza mara mbili kama ana uhakika. Mwendesha mashtaka alikubali kuomba shauri liahirishwe na fundi asiulizwe neno. Mambo mengine yangefuata taratibu zake, na mpwa angekuwa na maswali yake ya kujibu, ya ajali na ya uongo.

Katika korido ya mahakama Fundi Polepole alikuwa amekaa kwenye benchi kati ya askari wawili, pingu mkononi, shati lile lile la siku tatu. Alipomwona mjane akijia upande wake alijaribu kusimama, akarudi chini. Alikuwa anamwogopa kuliko hakimu.

Mpwa alipiga magoti mbele yake kwenye sakafu, watu wakitazama. Ilimchukua mara tatu kulisema. Gololi zote ulizifunga, alimwambia. Gia haikuruka. Niliitia mimi, namba nne, nikidhani ni rivasi.

Fundi alimtazama, kisha akamtazama Inspekta, naye Inspekta akaitikia kwa kichwa. Fundi akarudi kuvitazama viganja vyake, akavigeuza huku na huku, pingu zikilia. Askari alitafuta ufunguo, akavifungua vifundo vyake kimoja baada ya kingine. Wote walingoja atukane, au alie, au aulize nani atamlipa siku zake.

Alisimama. Alimpita mpwa pale chini, akamwendea mjane, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama," alisema. "Mzee alikuwa mtu wangu. Sikupata nafasi ya kuja msibani."